Cucu Hakuandikwa na Jeshi

Amri ya kwenda Somalia ikitoka, nani hubaki na mtoto wa mwanajeshi anayelea peke yake? Ni cucu, yaani nyanya, wa Othaya, Karatina au Mukurwe-ini kule Nyeri, mwenye magoti mabovu na mibuni michache. Ndiye anayeamka usiku mtoto akibanwa na kifua, ndiye anayeitwa shuleni, ili bintiye akeshe lindoni. Halipwi hata ndururu.

Msiniambie binti alijiunga kwa hiari. Yeye aliapa, mtoto wake hakuapa, na cucu hakuandikwa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo, kisha inasema haiwahusu wanajeshi. Wao wanaachiwa kanuni za jeshi lenyewe. Watetezi wa hali hii hukimbilia Katiba, kwamba Kifungu cha 24 kinaruhusu haki za wanajeshi zibanwe. Ndiyo: faragha, kujumuika, kuandamana, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na za waliokamatwa. Isomeni orodha hiyo mara kumi. Kifungu cha 53, kinachompa mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la, hakimo!

Kikosi cha kando cha wanawake jeshini kilivunjwa 1999, na 2024 Meja Jenerali Fatuma Ahmed akateuliwa kuongoza Jeshi la Anga. Tukapiga makofi, na tulistahili. Lakini vyeo havibadilishi nepi. Jeshi linalotangaza kwamba kurutu wa kike asiwe mjamzito halishindwi kuuliza mtoto aliyekwisha kuzaliwa ataachwa na nani, na atakula nini. Liwaulize wanaume pia, maana wamo waliofiwa na walioachiwa watoto.

Marekani humtaka mwanajeshi mzazi asiye na mwenzi aandike mpango wa malezi. Sisi tusiishie kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi bila pesa ni kumtwika cucu mzigo ule ule kwa maandishi.

Wabunge wa Nyeri na Laikipia, rekebisheni Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012. Kila kambi, ikiwemo ya anga ya Laikipia pale Nanyuki, iwe na malezi ya mchana na usiku kwa mujibu wa sheria. Mlezi anayebaki na mtoto alipwe posho kila mwezi mzazi akiwa vitani. Taifa linaloweza kununua risasi haliwezi kudai limekosa pesa ya maziwa.