Mtaala Hauko Kwenye Bango

Tangu nistaafu ukuu wa chuo cha ualimu, hakuna swali ninaloulizwa na majirani mara nyingi kuliko hili: "Mwalimu, mtoto nimpeleke chekechea ipi?" Swali ni zuri. Kinachoniudhi ni kwamba mwulizaji huwa amekwisha kulipa ada. Amependa basi la njano, sare yenye tai na bango lenye picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka, kisha anataka mzee amgongee muhuri.

Nasema waziwazi: wazazi wengi wa mjini hawamchagulii mtoto mtaala, wanajichagulia heshima mtaani. Mtoto wa miaka minne hana haja na tai, isipokuwa kuitafuna.

Tuchukue jina linalopendwa mno kwenye mabango, Montessori. Maria Montessori alikuwa daktari wa Kiitalia. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa makabwela, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walishinda vibaruani. Aliwapa vitu vya kushika: vipande vya mbao vya kupanga, vifungo vya kufunga na kufungua, maji ya kumimina, herufi za karatasi ya msasa za kupapasa kwa vidole. Mtoto alichagua kazi yake akaifanya mpaka akatosheka, na mdogo alijifunza kwa kumtazama mkubwa. Leo jina hilo halina mwenyewe. Yeyote mwenye rangi na brashi aweza kuliandika ukutani. Ukiingia ndani ukakuta watoto arobaini kwenye safu, wanaimba alfabeti ya Kiingereza wakifuata fimbo ubaoni, basi ndugu yangu umelipia rangi. Kilichobuniwa kwa mtoto wa kibarua kimegeuzwa kuwa kitambulisho cha wenye magari.

Nikikagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, niliingia siku moja katika shule ya awali ambayo sitaitaja. Amri ya darasa ilikuwa moja: hakuna Kiswahili. Binti mmoja, hajatimiza miaka mitano, alinyoosha mkono, akabaki ameunyoosha, akitafuta maneno ya kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Hakuyapata. Alijikojolea pale alipokaa, wenzake wakacheka, na mwalimu, badala ya kumsitiri, akamfundisha sentensi aliyopaswa kusema.

Niambie, mzazi mwenzangu, asubuhi ile mtoto yule alijifunza Kiingereza gani? Alijifunza kwamba mdomo aliotoka nao nyumbani haufai shuleni. Mtoto anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini nazi huelea na jiwe huzama atakuja kueleza kwa Kiingereza pia, wakati ukifika. Yule asiyepewa nafasi ya kueleza lolote hana cha kutafsiri.

Na hayo madaftari! Mzazi hufungua mkoba jioni, akiona kurasa tatu za herufi "a" anafurahi kwamba fedha yake inafanya kazi. Kidole cha miaka minne hakijakomaa kushika penseli nusu saa. Hukomazwa kwa kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchambua maharage, kuhesabu vifuniko vya soda. Lakini udongo haupelekwi nyumbani kwenye mkoba, kwa hiyo mwenye shule anaandikisha daftari. Daftari lile ni la baba.

Wapo watakaosema haya ni mawazo ya wazee. Huko Ypsilanti, Michigan, Marekani, David Weikart na wenzake walianza mwaka 1967 kulinganisha mitaala mitatu kwa watoto 68 wa familia maskini. Katika mmoja mwalimu alidondoa na mtoto akajibu. Katika wa pili mtoto alipanga kazi yake, akaifanya, akaieleza. Wa tatu ulikuwa wa michezo. Mwanzoni wote walipanda karibu sawasawa katika mitihani ya akili. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 23, waliosomeshwa kwa kudondolewa ndio waliokuwa na matatizo zaidi, ya kihisia na ya kukamatwa na polisi. Watoto 68 ni wachache, na mtaala wa pili ulikuwa wa Weikart mwenyewe; msomaji makini ayakumbuke hayo. Hata hivyo, anayetaka kumdondolea mwanangu tangu asubuhi hadi saa nane mchana ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, si mimi.

Mawazo hayo ya Weikart yalipofika Mombasa katika miaka ya 1980 hayakuja na tai. Bi Swafiya Said na wenzake, wakisaidiwa na Aga Khan Foundation, waliyachanganya na mafunzo ya dini ya watoto wenyewe na vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya palepale. Shule hizo zikaenea Zanzibar na Uganda. Hawakumwomba mtoto aache kwao mlangoni.

Najua jibu lako: "Darasa la kwanza watamfanyia usaili, asipojua kusoma watamkataa." Shule inayomwangusha mtihani mtoto wa miaka mitano imekiri kwamba haitaki kufundisha, inataka waliokwisha kufundishwa. Unaipigania ya nini?

Wala simlaumu mzazi ambaye shule iliyo karibu naye ni moja tu. Ada ilipofutwa mwaka 2016, watoto walifurika, na kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 25 kimebaki karatasini katika shule nyingi. Huyo mwanawe na amhesabie vitunguu jikoni, amsimulie hadithi usiku. Hiyo nayo ni elimu ya awali.

Wewe mwenye uwezo wa kuchagua, mtazame kwanza mwanao: ni wa kukimbia au wa kunyamaza pembeni? Kisha nenda shuleni saa nne asubuhi bila taarifa, ukae nyuma ya darasa. Sikiliza nani anazungumza zaidi, mwalimu au watoto. Ngoja mtoto akosee, uone anafanywa nini. Na mlinzi akikwambia wazazi huingia siku ya mahafali tu, geuza uende zako, hata kama umekwisha kulipia basi.