Miezi Saba Inayopotea Kabla ya Chuo Kikuu

Ukisimama kwenye vilima vya juu ya mji wa Morogoro, mapaa ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, yanaonekana bondeni. Ukishika barabara ya Iringa, si mbali, unafika Chuo Kikuu Mzumbe. Mjini kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, na kuna chuo cha Jordan. Shule mbili za serikali za wanafunzi wenye vipaji maalumu, Mzumbe ya wavulana na Kilakala ya wasichana, ziko mkoa huu huu. Kwa kuangalia hivyo, ungesema mtoto wa vijiji vya mlimani kama Mgeta, Matombo au Kinole yuko karibu na elimu ya juu kuliko watoto wengi wa vijijini nchini. Lakini shule za vipaji huchukua watoto wa nchi nzima, na vyuo vivyo hivyo. Mtoto aliyekua akiyaona mapaa ya SUA kila anaposhuka mjini na mikungu ya ndizi anaweza kumaliza kidato cha sita hajawahi kuvuka geti lake, wala hajui mle ndani kunafundishwa nini.

Kumwandaa mwanafunzi wa sekondari kwa ajili ya chuo kikuu ni kazi ya nani, na ianze lini? Kwa sasa jibu la shule nyingi ni moja: faulisha, mengine yatajipa yenyewe. Shule hupimwa kwa matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, mwalimu mkuu huulizwa kwa matokeo hayo, na mzazi huyatazama hayo hayo. Ndiyo maana nguvu zote zinakwenda kwenye kambi za masomo, pasti pepa na tuisheni za usiku. Silidharau jibu hilo, kwa sababu bila kufaulu hakuna mjadala wowote. Tatizo ni kwamba kufaulu kwenyewe hatukuelewi kama tunavyodhani.

Mchukue mwanafunzi aliyepata D, E na S katika masomo yake matatu ya tahasusi. Kwa hesabu ya NECTA ana pointi 15, yaani daraja la tatu. Nyumbani atachinjiwa jogoo. Kisha unafunguliwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU: anayeomba shahada moja kwa moja kutoka kidato cha sita anatakiwa awe na prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kuanzia E kwenda juu, tena katika masomo yanayohusu kozi anayoiomba, na jumla yake isipungue pointi 4. Hapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Huyu wetu ana D na E, jumla 3. Shahada imemkatalia, na daraja la tatu analo mkononi. Hesabu hii inafundishika ubaoni kwa dakika tano katika wiki ya kwanza ya kidato cha tano, na mwanafunzi akaelewa kwamba kulikazania somo moja litoke E hadi D kungembadilishia maisha. Wengi wanaijua siku wanayokataliwa.

Kosa zito zaidi hutendeka mapema kuliko hapo, kwenye fomu ya uchaguzi inayoitwa Selform, anayoijaza mwanafunzi akiwa bado kidato cha nne. Katika shule ya kata yenye mwalimu wa Fizikia wa kubahatisha, mtoto anayetamani kuwa daktari huchagua CBG. Anaona Kemia ipo, Biolojia ipo, na Jiografia haitamsumbua. Hakuna anayemwambia kwamba udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. Anakuja kuligundua hilo akiwa na cheti chenye B mbili, na hapo hakuna pa kurudi.

Wala CBG si tahasusi mbaya, na hili linaniuma zaidi. Kemia na Biolojia ndizo nguzo za udaktari wa mifugo, kilimo, misitu, lishe na wanyamapori, ambazo ndizo kazi za SUA, chini ya mlima anakotoka mtoto wa Mgeta. Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, wanaofugwa Mgeta, walifika huko mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia chuo hicho hicho. Mtoto anayewakamua alfajiri kabla ya kwenda shule anaishi ndani ya matunda ya utafiti wa chuo kikuu, na hajaambiwa kwamba kuna watu wanalipwa mshahara kwa kuifahamu vizuri zaidi kazi anayoifanya bure. Akiulizwa anataka kuwa nani, atasema daktari, mwalimu au mwanasheria, kwa sababu hao ndio aliowahi kuwaona.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65. Nia ilikuwa njema: lugha za kigeni, michezo, sanaa na kompyuta zilipata nafasi ambayo hazikuwa nayo. Ila kila tahasusi inayoongezwa ni maswali mawili zaidi kwa mtoto wa miaka 16: shule ipi inaifundisha, na chuo gani kinaipokea kwa kozi ipi? Palipokuwa na tahasusi chache, kaka aliyetangulia aliweza kumshauri mdogo wake kwa uzoefu. Kwa nyingi za hizi mpya, kaka hana uzoefu wowote.

Tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo penye machozi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa familia nyingi za wakulima ndiyo njia pekee ya mtoto kukaa chuoni. Fedha ya chakula na malazi, bumu kama wanafunzi wanavyoiita, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Ili aipate, mwombaji anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, mdhamini mwenye kitambulisho, muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, na saini ya kamishna wa viapo. Kila kimoja kina ofisi yake, nauli yake na siku yake ya kuambiwa njoo kesho.

Nenda steshenari yoyote ya mjini mwezi Agosti. Utamkuta mama aliyeteremka na gari la alfajiri, ameshika bahasha ya kaki yenye kadi ya kliniki iliyochakaa, cheti cha ubatizo na nakala ya kitambulisho cha mpigakura. Kijana wa steshenari anaingiza namba ya mtihani, mtandao unaleta jina la mtoto kama lilivyo NECTA, na jina hilo halilingani na la cheti cha kuzaliwa. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza alipelekwa na mjomba wake, akaandikwa kwa jina la babu mzaa mama. Kwa Waluguru, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, hilo halikuwa ajabu. RITA wana jina la baba. Sasa inatakiwa hati ya kiapo, na dirisha la maombi limebakiza siku za kuhesabu. Benchi limejaa wateja wengine. Kijana anajaza anavyojua, hata kozi za kuomba anazichagua yeye, kwa sababu mama hazijui na mwenye cheti hayupo.

Mwenye cheti yuko Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Mafunzo ya kujenga taifa kwa mujibu wa sheria yalirejeshwa mwaka 2013, na wahitimu wa kidato cha sita huitwa kambini mara tu baada ya mtihani wa Mei. Matokeo hutoka Julai. Dirisha la mikopo na la udahili huwa wazi katika miezi hiyo hiyo, na tangu mwaka 2017, TCU ilipoachana na mfumo wa pamoja wa udahili, kila chuo huombwa kivyake. Aliyechaguliwa na vyuo viwili au zaidi lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu iliyoandikwa kwenye maombi. Ikiwa iliyoandikwa ni simu ya steshenari, au laini ya jirani iliyokwisha kufungwa, nafasi inapotea bila kelele. Siisemi JKT vibaya. Vijana wengi hurudi wamekomaa. Nasema kwamba ratiba hizi tatu zimepangwa na ofisi tatu, na anayebanwa katikati ni mtoto ambaye mama yake hajui kutumia simujanja.

Kwa hiyo nakataa kwamba maandalizi ya chuo ni kazi ya kidato cha sita. Kidato cha sita hakina nafasi hiyo. Kuna sababu nyingine ambayo huwa hatuisemi: udahili wa kidato cha tano ni wa kitaifa. Mtoto wa Matombo anaweza kupangiwa Tabora au Kagera, na karatasi zake zote zikabaki Matombo. Kumwambia afuatilie cheti cha kuzaliwa akiwa bwenini Kagera ni kumwambia jambo lisilowezekana.

Muda upo, tena mwingi, na kila mwaka tunautupa. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi saba hivi ambayo kijana yuko nyumbani, na wazazi wako naye, na ofisi ya mtendaji iko umbali wa kutembea. Wenye fedha huwapeleka watoto wao masomo ya awali ya kidato cha tano mjini. Wengine hulima, huuza kabichi, huendesha bodaboda. Hakuna anayewatafuta, kwa sababu wameshatoka mikononi mwa shule ya kata na hawajaingia mikononi mwa shule nyingine.

Watakaopinga wana hoja nzito. Watasema wengi wa wanaomaliza kidato cha nne hawaendi kidato cha tano, sasa kwa nini tuwaandae wote kwa safari ya wachache? Nakubaliana na hesabu yao, ila natofautiana na hitimisho. Cheti cha kuzaliwa kinahitajika pia kwa anayekwenda chuo cha kati, na kwa Morogoro njia hiyo ni fupi na nzuri: kuna Chuo cha Kilimo Ilonga kule Kilosa, na chuo cha mifugo cha LITA pale mjini. Anayepata stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada. Yule wa D, E na S angeambiwa hili mapema, asingekaa nyumbani miaka miwili akirudia mtihani.

Wengine watasema vijana wajitafutie wenyewe, kwani chuoni watajitegemea. Taifa hili liliwahi kuwa na fikra inayofanana na hiyo, tena kwa nia ya heshima. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Alitumikie taifa na kufanya kazi kwanza, kisha aje na mapendekezo ya alikofanya kazi. Lilikuwa na busara yake, kwani kijana aliingia darasani anajua anachokitafuta. Lakini ndani ya miaka michache idadi ya wasichana ilishuka, ikabidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Kila kizuizi kinachoonekana sawa kwa wote humwangusha kwanza aliye na msaada mdogo nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule, na ndivyo yanavyofanya maombi ya mtandaoni leo.

Ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa katika bajeti ya mwaka 2022/23. Kama serikali iliweza kubeba hilo, kumteua mwalimu mmoja wa ushauri katika kila shule ya kata, akapunguziwa vipindi na kukabidhiwa orodha ya wahitimu wa mwaka uliopita kuanzia Novemba hadi Julai, hakuwezi kuitwa mzigo. Walimu wa ushauri na unasihi wapo tayari kwa jina. Wanachokosa ni saa za kazi hiyo. Kazi yao ya kwanza iwe kulinganisha majina: la NECTA, la cheti cha kuzaliwa na la kitambulisho cha mzazi. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013. Wengi wanaomaliza sekondari leo walizaliwa kabla ya hapo, kwa hiyo kizazi hiki lazima kishughulikiwe kwa mkono, mtoto kwa mtoto.

Halafu vyuo. Maonesho ya vyuo vikuu ya TCU hufanyika Julai pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Nanenane, ambako SUA huonyesha kazi zake hapa Morogoro, ni Agosti. Kwa aliyemaliza kidato cha nne yote mawili yamechelewa, maana nafasi ya kubadili tahasusi kwenye Selform hufunguliwa baada ya matokeo, kama Machi na Aprili, kisha hufungwa. SUA na Mzumbe wana wanafunzi kutoka kila wilaya na wana magari ya kwenda vijijini kwa utafiti. Februari, wawapeleke wanafunzi wao wa mwaka wa tatu kwenye masoko ya vijijini ya Nyandira, Tawa na Kinole, pamoja na ofisa mmoja wa RITA na mmoja wa Bodi ya Mikopo, wakae siku nzima na wazazi waliokuja kuuza mazao. Waeleze kozi kwa kozi, na masomo yanayotakiwa kwa kila moja. Waeleze pia kwamba mkopo ni deni, litakatwa asilimia 15 ya mshahara siku kijana akiajiriwa, na kwamba kaya maskini iliyo kwenye mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, itunze namba yake kwa kuwa itaulizwa. Atakayetambua siku hiyo kwamba aliijaza CBG akitaka udaktari wa binadamu atakuwa bado na wiki kadhaa za kuibadili.