Acheni kuwacheka waliolia ligi yao kuchezwa Dubai

Wadau, kuna tabia humu mitandaoni inaniudhi kinoma. Shabiki wa Pakistan akisema iliwauma ligi yao ya kriketi, PSL, kuchezwa ugenini, anajibiwa si angeangalia tu kwenye TV. Kuna mchambuzi mmoja ndiye kinara wa kejeli hizo. Jina simtaji, anajijua.

Twende taratibu. PSL ilianza Februari 2016 na timu tano: Karachi, Lahore, Islamabad, Peshawar na Quetta. Majina ya nyumbani, mechi zote Dubai na Sharjah! Sababu naielewa. Machi 2009 basi la timu ya Sri Lanka lilimiminiwa risasi Lahore, polisi sita wakafa, na timu za nje zikakata mguu kwa miaka. Kuogopa ruksa.

Ila kumkataza mtu wa Peshawar asisikie uchungu, hapana. Timu ina jina la mji wako, lakini ili uione unahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Halafu kamera zikionyesha viti vitupu Dubai, mnasema Wapakistani hawaipendi ligi yao. Jamani! Wapakistani kibao walioko kule ni wa kwenye ujenzi na teksi. Mechi ya siku ya kazi aje nani, bosi wake?

Mnaniletea mfano wa IPL, eti India nao walihamia Afrika Kusini 2009 na maisha yakaendelea. Sawa, lakini wale waliondoka kwa wiki tano tu kwa sababu ya uchaguzi, na mwaka uliofuata wakarudi kwao. Yule alisafiri, huyu alifukuzwa na hofu. Msichanganye.

Mnataka kujua mapenzi ya hawa watu? Tarehe 5 Machi 2017 fainali ilipelekwa Lahore, wiki chache tu baada ya bomu kuua watu mjini humohumo. Mastaa kadhaa wa kigeni wa Quetta waligoma kwenda (siwalaumu, kila mtu na roho yake). Mashabiki je? Walipekuliwa geti baada ya geti na uwanja ukafurika. Mechi yenyewe ilikuwa mbovu, Peshawar walishinda kwa mikimbio 58, upande mmoja mtupu. Nani alijali! 2018 fainali ikaenda Karachi, 2019 mechi nane za mwisho zikachezwa hukohuko, na 2020 msimu mzima ukapangwa nyumbani. Wangekuwa hawaipendi, ingerudi kumfuata nani?

Kama mna huruma ya ziada, wapeni wale vibarua wa Sharjah. Walau Ijumaa yao ya mapumziko walikuwa wanaiona timu ya kwao kwa macho. Ligi ilipofungasha virago, wao hawakuulizwa.