Mpe Simu Atulie

"Mpe simu atulie." Hapa Minneapolis, kuanzia Novemba hadi Machi, maneno haya nayasikia karibu katika kila nyumba ya Waswahili ninayobisha hodi. Nje maji yameganda, jua la Desemba linazama saa kumi na nusu jioni, na mtoto wa miaka miwili amezunguka sebuleni tangu asubuhi. Baba yuko zamu, mama amechoka. Simu inatolewa, katuni inawashwa, nyumba inanyamaza. Nasi tunajifariji: kwani humo si anajifunza rangi na namba?

Tunajidanganya. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitoa matokeo ya jaribio lao. Watoto wa Kimarekani wa miezi 9 walipewa vipindi 12 vya Kichina cha Mandarin. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliyeketi mbele yao walizishika sauti za lugha ile. Waliooneshwa watu walewale kwenye televisheni hawakuambulia kitu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka 2 hadi 4 linasema isizidi saa 1 kwa siku.

Sisi wenyewe hatukuujua udongo mbichi kwa kuoneshwa picha. Tulifinyanga vyungu vya matope, tukapika "wali" wa mchanga kwenye vifuu, na kiganja kikatufundisha nini kizito, nini laini, nini humwagika na nini hushikana. Hakuna aliyeuita mchezo ule somo, lakini tulifunzwa. Baridi ya huku imefunga uwanja. Mikono ya mtoto haijafungwa.

Chota theluji beseni moja, iweke sakafuni jikoni, mpe kijiko na vikombe. Keti naye. Theluji inayeyuka, inageuka maji, vidole vinakufa ganzi, mnavipasha moto kwapani. Kila tendo hapo lina neno lake la Kiswahili, na mtoto analipata neno pamoja na kitu chenyewe mkononi.

Najua pingamizi la kwanza: kuchezea chakula ni kufuru. Nami nasema chakula kina heshima yake, kwa hiyo simwagi mchele chini. Namkalisha mwanangu achambue nami mchele kwenye sinia, atwange iliki, akande donge lake la chapati. Anacheza, na tunakula. La pili ni uchafu. Tandika shuka kuukuu, kisha mpe kitambaa apanguse mwenyewe. Atafurahia kupangusa kuliko katuni yoyote. La tatu ni uchovu, na hilo silibezi, maana natoka kazini kama wengine. Lakini dakika 20 sakafuni humwacha mtoto ameshiba mchezo. Skrini humwacha analia ukiizima.

Uangalizi ni lazima. Maji kidogo tu ya beseni yanaweza kumzamisha mtoto, kwa hiyo usimwache peke yake hata kwenda kufungua mlango. Maharage mabichi yanakaba, na yale mekundu yana sumu. Unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu, basi asilambe, na anawe mikono. Na vile vishanga vinavyovimba kwenye maji visikanyage nyumbani kwako: vikimezwa huvimba tumboni na kuziba utumbo.

Kila Jumapili tunapiga simu nyumbani, bibi anamsalimia mjukuu, mjukuu anajibu kwa Kiingereza, nasi tunailaumu shule. Shule haijampata bado. Miezi mitano ya baridi, mara miaka yake mitano ya kwanza, ni miezi 25. Zaidi ya miaka miwili ya utoto tumeikabidhi kwa kioo kisichomjibu, halafu tunashangaa kwamba mtoto naye hajui kumjibu bibi yake.

Theluji ya kesho ikianguka, usimpe simu atulie. Mpe beseni, keti chini, na uzungumze naye.