Kumuuzia asiyeona simu isiyomfaa ni hiyana

SIFA njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola aliyewaumba waja wake kwa hali mbalimbali na akawafanya kuwa mtihani wao kwa wao. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, biashara ni mlango mkubwa wa riziki ya halali, lakini kwa mlango huo huo mtu huweza kuingia katika dhulma asiyoihesabu kuwa ni dhulma. Leo tutazame moja inayotendeka katika maduka ya simu pale mteja anapokuwa ndugu yetu asiyeona.

Mzee mmoja wa Mpuguso, wilayani Rungwe, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, alikwenda Tukuyu kununua simu kwa fedha za parachichi zake, akiongozana na mjukuu wake. Muuzaji alimgeukia mjukuu na kuuliza, "Babu anataka simu gani?" Mzee akajibu mwenyewe kwamba anataka simu inayosema, itakayomsomea ujumbe na salio lake. Akaambiwa ipo, akalipa, akaondoka. Alipofika nyumbani akabaini kwamba simu ile ya vitufe hutamka tarakimu zinapobonyezwa, basi. Ujumbe haisomi. Kesho yake aliporudi dukani, alijibiwa kwamba imeandikwa chini ya stakabadhi: mali ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo hakusomewa kabla ya kutoa fedha.

Pengine msomaji ataliona jambo hili kuwa dogo. Si dogo hata kidogo. Siku hizi simu ndiyo mkoba wa fedha wa watu wengi. Asiyeweza kusomewa na simu yake hulazimika kumpa mtu mwingine amsomee kiasi alichotumiwa, aangalie salio, na hata ambonyezee namba ya siri. Hivyo huishi bila siri, na fedha zake huwa katika rehema ya kila anayemsaidia. Akiibiwa, hatajua ni nani aliyemwibia, na atabaki akiwashuku hata wasio na hatia nyumbani mwake.

Mafunzo ya Ibn Umm Maktum (R.A.)

Kila Muislamu anakijua kisa cha Abdullah bin Umm Maktum, sahaba asiyeona, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa wakati Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Kwa sababu yake zikateremka aya za mwanzo za Sura Abasa, ambayo ni Sura ya 80, zikifunza kwamba anayekuja kwa bidii na hofu ya Mola wake hapasi kupuuzwa kwa ajili ya mwenye jaha. Baadaye sahaba huyo akawa mwadhini pamoja na Bilal (R.A.), na Mtume alimwachia Madina aiangalie alipokuwa safarini.

Tazameni heshima hiyo. Asiyeona alikabidhiwa mji na watu wake, nasi leo tunashindwa kumsemesha mtu kama yeye mbele ya meza ya duka, tukapitisha maneno yake kwa mtoto! Muuzaji anayezungumza na mjukuu amemvunjia mzee heshima hata kabla ya kumuuzia kitu. Na katika hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad, amelaaniwa mwenye kumpoteza njia kipofu. Je, anayempoteza katika mali yake atakuwa na udhuru gani?

Hukumu ya mauzo ya namna hii

Wanazuoni wetu walilitazama suala la asiyeona kununua kitu tangu zamani. Wengi katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa sana Afrika Mashariki, walionelea kwamba kitu kinachohitaji kuonwa akinunuliwe na wakala wake. Jamhuri ya wanazuoni wakamruhusu anunue mwenyewe kwa kugusa, kuonja, kunusa au kuelezwa sifa zake. Rai hizi zinatofautiana, lakini lengo lao ni moja: asiuziwe kitu asichokijua. Basi simu inayosema inajulikana kwa sikio. Muuzaji aiwashe, mteja aisikie ikisoma ujumbe, ndipo walipane.

Pia imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu aliyekuwa akihadaiwa katika biashara alimshtakia Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza aseme anapouziana na watu kwamba pasiwe na hadaa. Katika mapokezi mengine akapewa hiari ya siku tatu za kuirudisha bidhaa. Inaelezwa kwamba mtu huyo alikuwa amejeruhiwa kichwani hata ulimi wake ukaathirika. Mtume hakumwambia aache kununua, wala hakumlaumu kwa udhaifu wake. Alimwekea kinga.

Kwa hiyo maandishi ya chini ya stakabadhi hayamtakasi muuzaji aliyetaja sifa isiyokuwapo. Mteja ana haki ya kurudisha. Na hata pale ambapo hakuna kosa la muuzaji, imekokotezwa kumkubalia Muislamu mwenzako anayejutia biashara, na ameahidiwa mwenye kufanya hivyo kusamehewa makosa yake Siku ya Kiyama.

Muuzaji atasema, "Mimi sikujua." Kama hukujua, ungesema hujui. Sheria za nchi nazo hazikunyamaza: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi.

Lililo juu yetu

Wenye maduka wajifunze. Simu nyingi za mguso za Android huja na programu ya TalkBack inayosoma kilicho kwenye kioo, na simu za Apple zina VoiceOver tangu mwaka 2009. Kuiwasha ni kazi ya dakika chache katika mipangilio ya simu. Simu yenye kumbukumbu ndogo huweza kusuasua, hivyo ijaribiwe palepale dukani, kwa mkono wa mteja mwenyewe.

Familia nazo zisimwachie mzee wao jambo hili peke yake. Aende na mtu mzima mwaminifu, aulize kwa uwazi kama simu inasoma ujumbe, na stakabadhi isomwe kwa sauti kabla ya kulipa. Kisha afundishwe kwa subira, kwani vidole huchukua siku kadhaa kuzoea. Vijana wa msikitini wanaozijua simu hizi watenge hata saa moja baada ya Swala ya Ijumaa kuwafundisha wasioona. Hiyo ni sadaka isiyohitaji senti.

Na namba ya siri ibaki kuwa yake. Mwana anayempenda mzazi wake humtafutia simu itakayomwezesha kuitumia bila kumtegemea yeye.

Tunamuomba Allah (S.W.) azitakase biashara zetu na hadaa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza amana. Amin. Wabillahi tawfiq.