Bangili Zirudi Kwao

Juzi nikiwa maktabani nilifungua kitabu cha sanaa nikaona picha ya bangili ya dhahabu. Jamani, nilisahau hata kengele ya chakula! Ncha zake mbili zinatazamana, na kila ncha ni mnyama wa ajabu: mwili wa simba, mabawa na kichwa cha tai, tena ana pembe. Mwilini mna vijishimo. Humo sonara alipachika vioo na mawe ya rangi, ambayo mengi yameshang'oka.

Hiyo ni kazi ya Uajemi ya kale, yapata miaka 2,400 iliyopita. Bangili za namna hiyo mfalme aliwatunuku watu aliotaka kuwapa heshima.

Ni sehemu ya Hazina ya Oxus, vitu kama 180 vilivyopatikana kati ya 1877 na 1880 kando ya mto uitwao leo Amu Darya, upande wa Tajikistan. Wafanyabiashara waliovinunua walivamiwa na majambazi njiani kutoka Kabul mwaka 1880. Kapteni Mwingereza, F. C. Burton, akawaokoa, nao wakamuuzia bangili moja. Leo ni mali ya jumba la Victoria and Albert, na pacha wake ni mali ya British Museum. Zote ziko London. Mwaka 2007 Rais Emomali Rahmon wa Tajikistan alitaka hazina hiyo irudishwe.

Mimi namuunga mkono. Mwenzangu wa dawati anapinga, ati vitu hivyo vilinunuliwa, havikuporwa, na huko viko salama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: British Museum imevitunza vyema tangu 1897. Lakini kununua dhahabu ni jambo moja, na kununua historia ya watu ni jambo jingine. Mbona mtoto wa Tajikistan apande ndege hadi London ili aone kilichotoka katika udongo wa kwao?

Mwenzangu huyo kwao ni Tana River. Nikamkumbusha ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo iliyochukuliwa na Waingereza enzi za ukoloni, ambayo nayo imo katika British Museum hiyo hiyo. Akanyamaza kimya.

Wenzangu, tunapodai chetu, tusinyamazie cha wengine. Je, ninyi mwaonaje?