Mcheza kwao hutunzwa, lakini NFL yasaka tuzo ughaibuni

MNAMO Oktoba 2, 2005, mashabiki 103,467 walifurika katika uga wa Azteca jijini Mexico City kutazama timu mbili za Marekani, Arizona Cardinals na San Francisco 49ers, zikimenyana. Cardinals waliibuka washindi kwa alama 31 kwa 14. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa ligi ya NFL, iliyo kilele cha kandanda ya Kimarekani, kuandaa mechi ya msimu wa kawaida nje ya mipaka ya taifa hilo.

Miongo miwili baadaye, kilichoanza kama kioja kimekuwa desturi. Katika msimu wa 2025, mechi saba zilichezwa ng'ambo: tatu London na moja moja katika miji ya São Paulo, Dublin, Berlin na Madrid. Mwaka huo huo ligi ilitangaza kwamba Melbourne, nchini Australia, ingepokea mechi yake ya kwanza mwaka 2026. Kamishna wa ligi, Roger Goodell, ametaja hadharani lengo la kufikisha mechi 16 za ng'ambo kila msimu, ili kila timu miongoni mwa zote 32 isafiri mara moja kwa mwaka.

Swali linalowagawanya wapenzi wa mchezo huo ni moja. Je, ni haki mechi yenye alama za kupigania ubingwa iondolewe katika mji wenye timu na kupelekwa kwa watu wasio na uhusiano wowote na timu hiyo?

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, msomaji aliyezoea soka ya Uingereza hana budi kutambua tofauti moja kubwa. Klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza hucheza mechi 19 nyumbani kila msimu, mbali na zile za vikombe. Timu ya NFL, kwa muda mrefu, ilicheza nane pekee. Mchezo huo wa mpira wenye umbo la yai, unaokaribiana na raga kwa ukali wa migongano, huchosha mwili kiasi kwamba timu hushuka uwanjani mara moja tu kwa wiki. Kwa hivyo kila Jumapili ya nyumbani ni kama sikukuu. Mwenye tiketi ya msimu huipanga miezi kadhaa mapema, na mwenye hoteli, mkahawa au eneo la kuegesha magari huitegemea kwa mapato yake.

Kuondoa mechi moja kati ya nane ni sawa na kumpokonya mwenyeji sehemu ya nane ya mavuno yake. Miami Dolphins walikuwa wa kwanza kuonja machungu hayo jijini London. Mnamo Oktoba 28, 2007, waliacha joto la Florida na kuwa "wenyeji" wa New York Giants katika uga wa Wembley, kwenye mvua na matope. Walipoteza kwa alama 13 kwa 10 mbele ya watazamaji 81,176. Dolphins walimaliza msimu huo wakiwa wameshinda mechi moja tu kati ya 16, nao Giants wakatwaa ubingwa. Hakuna awezaye kudai kwamba safari ya London pekee ndiyo iliyozamisha jahazi la Miami, ila mashabiki wao walibaki na mechi saba tu za kutazama nyumbani.

Mfano wa Buffalo ni bayana zaidi. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2013, Buffalo Bills walikuwa wakihamisha mechi moja ya nyumbani kila msimu hadi Toronto, nchini Canada, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari. Silaha kuu ya Bills mwezi wa Desemba ni hali ya anga, kwa kuwa theluji na upepo wa Buffalo huwatia baridi wageni kabla hata ya mchezo kuanza. Mnamo Desemba 7, 2008, Dolphins, wana wa pwani yenye joto, waliepushiwa adhabu hiyo. Mechi ilichezwa Toronto chini ya paa, wakashinda kwa alama 16 kwa 3, na baadaye wakatwaa ubingwa wa kundi lao, ambalo ndilo pia kundi la Bills. Mpango huo wa Toronto haukupata mashabiki ama upande huu wa mpaka au ule, na ulifikishwa kikomo mwaka 2014.

Green Bay, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin wenye wakazi takriban laki moja, unatoa funzo jingine. Timu yake, Packers, inamilikiwa na wananchi wenye hisa badala ya tajiri mmoja. Packers ndiyo iliyokuwa timu ya mwisho kati ya 32 kucheza ng'ambo, na haikufanya hivyo hadi Oktoba 2022 ilipokutana na Giants jijini London. Uongozi wake haukutaka kutoa mechi ya nyumbani, na timu nyingine nazo zilisitasita kuhamisha mechi dhidi ya Packers kwa sababu mashabiki wake husafiri kwa wingi na kujaza viti. Pale ambapo wenye timu ni watu wa mji wenyewe, kauli ya wahenga kwamba mcheza kwao hutunzwa ilichukuliwa kwa uzito unaostahili.

Kwa nini basi ligi iling'ang'ania? Jibu ni kwamba njia nyingine zilikuwa zimejaribiwa na zikagonga mwamba. NFL ilipeleka mechi za kujipima nguvu Wembley kuanzia mwaka 1986, Chicago Bears walipokutana na Dallas Cowboys. Ikaanzisha pia ligi tanzu iliyokuja kujulikana kama NFL Europe, iliyochezewa sana Ujerumani, na ikaifunga mwaka 2007. Si sadfa kwamba huo ndio mwaka wa mechi ya kwanza ya Wembley yenye alama. Mashabiki wa ng'ambo walikuwa wametoa hukumu yao: hawakutaka mazoezi wala wachezaji wa akiba, walitaka mchezo wenyewe. Munich ilipopewa mechi ya kwanza ya Ujerumani mnamo Novemba 2022, Tampa Bay Buccaneers wakiongozwa na Tom Brady dhidi ya Seattle Seahawks, watu 69,811 waliujaza uga wa Allianz Arena.

Aidha, faida haipimwi kwa tiketi pekee. Vipaji pia hutafutwa. Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Jordan Mailata wa Australia, ambaye naye alitoka katika raga, alijiunga na Philadelphia Eagles mwaka 2018 kupitia mpango wa NFL wa kukuza wachezaji wa kimataifa, na mnamo Februari 2025 alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Super Bowl. Ligi inayotaka kuvuna vijana duniani haiwezi kuwaonyesha mchezo wake kwenye runinga tu.

Wapinzani hutaja mfano wa soka kuonyesha kwamba mashabiki wanaweza kulikataa wazo kama hili. Mnamo Februari 2008, Ligi Kuu ya Uingereza ilipendekeza kuongeza mechi ya 39 ambayo ingechezwa ng'ambo. Pendekezo hilo lilipingwa na mashabiki pamoja na Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, likafa. Mwaka 2025, La Liga ya Uhispania ilijaribu kupeleka mechi ya Villarreal na Barcelona jijini Miami. Wachezaji waligoma kugusa mpira kwa sekunde 15 za mwanzo wa mechi zao, na mpango ukafutwa mwezi Oktoba. Ule wa Italia, wa kupeleka AC Milan na Como mjini Perth, Australia, nao ulitupiliwa mbali kabla ya mwaka kwisha.

Hata hivyo, ulinganisho huo una pengo. Katika ligi za soka za Ulaya, kila timu hukutana na kila mpinzani mara mbili, nyumbani na ugenini. Mizani hiyo ndiyo roho ya ligi, na ukihamisha mechi moja umeipotosha. NFL haijawahi kuwa na mizani ya aina hiyo. Timu 32 haziwezi kukutana zote katika mechi 17, na ratiba ya kila moja hutofautiana na ya jirani yake. Fauka ya hayo, mechi ya Uhispania ikichezwa Miami huingilia ligi ya wenyewe na kuhitaji idhini ya mashirikisho kadhaa, ilhali NFL haina mshindani wa hadhi yake London au Berlin.

La kushangaza ni kwamba dawa ya malalamiko ya mashabiki ilipatikana ndani ya ratiba yenyewe. Mwaka 2021 ligi iliongeza mechi za msimu kutoka 16 hadi 17. Kwa kuwa 17 haigawanyiki kwa mbili, timu 16 za kundi moja kuu hupata mechi tisa za nyumbani mwaka huu, na za kundi jingine mwaka unaofuata. Timu zinazokuwa wenyeji ng'ambo sasa huchukuliwa kwa jumla katika kundi lenye mechi tisa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2025, ambapo wenyeji wote saba walitoka katika kundi hilo. Mwenye tiketi ya msimu akabaki na nane, idadi ile ile aliyokuwa nayo kabla ya 2021.

Hesabu hiyo ina tokeo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Iwapo kila timu itacheza ng'ambo mara moja, kila moja itakuwa na mechi nane nyumbani, nane ugenini na moja katika uwanja usio wa yeyote. Kwa sasa baadhi ya timu hucheza tisa nyumbani huku wapinzani wao wakicheza nane. Kwa upande wa usawa wa mashindano, basi, lengo la Goodell la mechi 16 lina mantiki zaidi kuliko hali ya katikati iliyopo, ambapo baadhi hutoa mechi yao ya tisa na wengine husalia nayo.

Lakini dawa hiyo haikuja bure, na aliyeilipia si shabiki. Mechi ya 17 ilichezwa kwa miili ya wanamichezo. Mwaka 2020, mkataba wa kazi ulioiruhusu ulipopigiwa kura na wachezaji, ulipita kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Tofauti ya kura 60 si ishara ya watu waliofurahia. Juu ya migongano ya wiki 17, sasa kuna safari za usiku na mabadiliko ya saa. Minnesota Vikings walicheza Dublin Septemba 28, 2025, na London Oktoba 5, wakapoteza ya kwanza na kushinda ya pili. Kutoka Los Angeles hadi London ni zaidi ya kilomita 8,700, na safari ya Melbourne ni ndefu zaidi. Si timu zote zitakazosafiri umbali sawa, na hapo ndipo usawa unaoonekana kwenye karatasi unapoanza kupungua.

Hofu kubwa zaidi ni hatua inayofuata. Wenye timu wanataka mechi 18, na azma ya mechi 16 za ng'ambo imekuwa ikitajwa sambamba na nyongeza hiyo. Kwa mujibu wa mkataba uliopo, unaodumu hadi msimu wa 2030, nyongeza hiyo haiwezekani bila ridhaa ya chama cha wachezaji. Ila hesabu iliyotajwa hapo juu inaonyesha kwamba mechi 16 za ng'ambo zinatoshea katika ratiba ya mechi 17. Anayesema kwamba dunia haiwezi kuhudumiwa bila mechi ya 18 anatumia mashabiki wa ughaibuni kama ngao ya kutetea jambo jingine.

Kundi jingine lisilopaswa kusahauliwa ni walipa ushuru. Jacksonville Jaguars wamekuwa wakicheza London karibu kila mwaka tangu 2013. Mnamo Juni 2024, baraza la mji wa Jacksonville liliidhinisha Dola 775 milioni za umma, takriban Sh100 bilioni, kukarabati uwanja wa timu hiyo. Timu inayopokea fedha za umma ili ibaki mjini, kisha ikauza mechi moja nje ya mji, ina deni kwa wananchi hao. Kiasi cha mapato ya London kinachofaa kurudi katika hazina ya mji ni suala ambalo mikataba ya viwanja haina budi kulitatua kabla ya saini, wala si baadaye.

Kwa hivyo, je, NFL icheze ng'ambo? Historia ya miaka 20 inaonyesha kwamba inaweza, na kwamba pingamizi za usawa hazina nguvu kama ilivyo katika soka. Hata hivyo, uhalali wake unategemea masharti matatu. Mechi inayohamishwa iwe ya tisa, isiwe ya nane. Kila timu ibebe mzigo huo, na inayosafiri mbali zaidi ipewe wiki ya mapumziko baada ya safari. Nayo mechi ya 18 ijadiliwe mezani pa wachezaji kwa sababu zake yenyewe, bila kufichwa ndani ya mizigo ya safari ya London.

Ligi ikiyazingatia hayo, mgeni wa Madrid atafurahi na mwenyeji wa Buffalo hataumia. Ikiyapuuza, itagundua kwamba mashabiki wa mbali huja kwa tamasha, lakini wa nyumbani ndio wanaobaki timu inapopoteza mechi 15 kati ya 16.